SOMO LA AFYA: Kujifunza Tenisi Ukiwa na Miaka Arobaini na Zaidi



Katika somo la leo tutajifunza jinsi mtu mzima anavyoweza kuanza mchezo wa tenisi bila kuudhuru mwili wake. Huenda ukasema, "Tenisi ni mchezo wa watu wa mjini. Sisi wa kijijini inatuhusu nini?" Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini jambo lililotokea katika zahanati ninayofanyia kazi lilinifundisha vingine. Nitakueleza yote, pamoja na kosa langu mwenyewe, ili nawe upate kujifunza.

MZEE WA GHALA LA MKONGE

Zahanati yetu iko jirani na shamba la mkonge katika Mkoa wa Tanga. Katika shamba hilo upo uwanja wa zamani wa tenisi. Wakati wa ukoloni uwanja huo ulikuwa wa mabwana wa shamba. Mwafrika aliingia pale kwa kazi mbili tu: kufagia na kuokota mipira. Baadaye, kwa miaka mingi, uwanja uliota majani na watu walianika mahindi juu yake. Kisha walimu wa sekondari waliufyeka, wakafunga wavu, wakaanza kuwafundisha wanafunzi.

Asubuhi moja alikuja zahanati karani wa ghala, mwenye umri wa miaka 52. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akasema, "Daktari mwanangu, baba yangu aliokota mipira katika uwanja ule tangu akiwa mtoto. Hakuruhusiwa kushika raketi hata siku moja. Mimi nataka kuishika kabla sijazeeka. Vijana wananicheka, wanasema samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe unasemaje?"

Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Tena mimi ni kijana wa miaka 26 mwenye cheti changu cha uganga, nikaona haya kumhoji mzee wa rika la baba yangu habari za mwili wake. Nilimjibu, "Cheza tu, mzee wangu. Mazoezi ni afya." Sikumpima shinikizo la damu. Sikumwuliza juu ya dawa, ingawa wiki mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimempa vidonge vya siprofloksasini kwa ajili ya homa ya matumbo.

Jumamosi hiyo hiyo mzee aliingia uwanjani. Alivaa raba zilizokwisha soli. Alicheza na vijana wa kidato cha tatu kwa muda wa saa mbili, juani. Alipoukimbilia mpira mfupi karibu na wavu, alisikia kishindo nyuma ya mguu. Aligeuka ili amgombeze aliyempiga teke. Hapakuwa na mtu. Kano ya kisigino chake ilikuwa imekatika.

Watu walikwisha kumwita mchuaji na mafuta yalikuwa motoni, lakini mwalimu mmoja alikataa, akamleta zahanati kwa pikipiki. Nilimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, nikaminya nyama ya nyuma ya mguu mzima. Wayo ulicheza. Nikaminya mguu ulioumia. Wayo haukucheza hata kidogo. Hiyo ni dalili ya kano iliyokatika.

Ndipo nikampima shinikizo la damu. Lilikuwa 178/108. Nilifikiri ni kwa sababu ya maumivu. Lakini alipopimwa tena siku nyingine, maumivu yakiwa yametulia, lilikuwa 164/102. Mzee alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu naye hakujua. Mimi nilimwambia akimbie juani bila kumpima.

Sasa tujifunze yale ambayo nilipaswa kumwambia siku ya kwanza.

NANI ANAHITAJI MCHEZO HUU?

Mkulima anayelima kwa jembe la mkono, anayechota maji na kukata kuni, mwili wake unafanya kazi ya kutosha. Anachohitaji zaidi ni chakula bora na mapumziko. Lakini siku hizi vijijini wako watu wengi wanaofanya kazi wakiwa wamekaa. Hao ni walimu, makarani, mafundi cherehani, wenye maduka, madereva, na waendesha pikipiki. Mtu wa namna hii akifika miaka arobaini tumbo hukua, pumzi hupungua, na shinikizo la damu huanza kupanda bila yeye kujua.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Akifanya mazoezi mazito, dakika 75 hadi 150 zinatosha. Kutembea kwa haraka ni zoezi la wastani. Kukimbia ni zoezi zito. Tenisi inaweza kuwa la wastani au zito, kulingana na jinsi unavyocheza.

Tenisi ina faida zake. Miguu hukimbia hatua fupi fupi, mikono hufanya kazi, macho hufuata mpira, na akili hufikiri. Mifupa hupata nguvu kwa kufanyishwa kazi. Ndiyo maana mchezaji wa miaka mingi huwa na mifupa minene zaidi katika mkono unaoshika raketi. Jambo hili ni la maana hasa kwa akina mama, kwa sababu mifupa yao hupungua nguvu baada ya hedhi kukoma.

Katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia watu 8,577 kwa muda wa hadi miaka 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliona kuwa wacheza tenisi waliishi zaidi ya watu wasiofanya mazoezi kwa wastani wa miaka 9.7. Lakini tusome habari hii kwa makini. Huenda wacheza tenisi walikuwa na kipato kikubwa zaidi, au walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Huenda pia kukaa na wenzao na kucheka pamoja kuliwasaidia. Kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba raketi peke yake inaongeza miaka ya kuishi. Unatuonyesha tu kwamba watu wanaocheza pamoja kwa miaka mingi huishi vizuri.

MWILI WA MTU MZIMA

Mtu wa miaka 45 anaweza kujifunza karibu kila jambo analojifunza kijana. Tofauti yao ni muda. Ziko sehemu tatu za mwili ambazo lazima tuzifahamu.

Ya kwanza ni moyo. Moyo wa mtu mzima hauwezi kupiga kwa kasi kama wa kijana. Ukitoa umri wako katika 220 unapata takriban mapigo ya juu kabisa kwa dakika moja. Mtu wa miaka 50 anapata 170. Anayeanza mazoezi afanye kazi katikati, kati ya mapigo 85 na 119. Kama huna saa, tumia kipimo cha maneno. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, kasi yako inafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza.

Ya pili ni kano. Kano ni kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Kano ya kisigino ndiyo nene kuliko zote mwilini. Lakini kano hupata damu kidogo, na kadiri mtu anavyokua hupungua kunyumbuka. Msuli unaweza kupata nguvu katika wiki chache, lakini kano huchukua miezi. Hapo ndipo penye hatari. Mtu hujisikia ana nguvu, akaruka kwa nguvu zote, na kano bado haijawa tayari. Wengi wanaokatika kano ya kisigino ni wanaume wa kati ya miaka 30 na 50 wanaocheza mara moja moja.

Ya tatu ni maungio, yaani magoti, nyonga, bega na kiwiko. Uzito mkubwa wa mwili huyaumiza magoti. Kupiga mpira kwa mkono uliokakamaa huumiza kiwiko upande wa nje. Maumivu hayo huwapata hata mafundi na wakulima ambao hawajaona raketi, kwa sababu yanatokana na kurudia kazi ile ile ya mkono.

KABLA YA KUANZA: FIKA ZAHANATI

Usione aibu, na mganga naye asione aibu. Mganga atakuuliza maswali haya:

1. Je, hupata maumivu ya kifua au kukosa pumzi unapopanda mlima?
2. Je, umewahi kuzimia?
3. Je, una ugonjwa wa moyo, kisukari, pumu au shinikizo la damu?
4. Je, baba, mama au ndugu yako alifariki ghafla akiwa bado kijana?
5. Je, unatumia dawa gani sasa, na ulitumia zipi miezi michache iliyopita?

Swali la tano lina maana kubwa. Dawa ya siprofloksasini na ndugu zake inaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino. Madhara hayo hutokea kwa watu wachache, nayo yanaweza kuja wakati mtu anatumia dawa au hata miezi kadhaa baadaye. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye miaka zaidi ya 60 na kwa anayetumia dawa za jamii ya predinisoloni. Siwezi kusema kwamba dawa ndiyo iliyokata kano ya mzee wetu. Viatu vibovu na saa mbili za kukimbia zingetosha. Lakini nilipaswa kumwonya, nami sikumwonya. Kama unatumia dawa hii, usiiache kwa uamuzi wako. Ahirisha mchezo wa kukimbia, na ukisikia maumivu ya kano rudi zahanati upesi.

Kisha upimwe shinikizo la damu ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano.

Chini ya 140/90: unaweza kuanza polepole.

Kuanzia 140/90 mpaka 179/109: anza kwa kutembea tu. Rudi kupimwa siku nyingine na upate ushauri kabla ya kukimbia.

Kuanzia 180/110 na kuendelea: usianze mchezo. Tibiwa kwanza. Kama una maumivu ya kifua, kichwa kinauma sana au macho hayaoni vizuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari achukue sukari au peremende mfukoni, kwa sababu mazoezi hushusha sukari mwilini. Pia akague nyayo zake kila baada ya mchezo.

VIFAA NA UWANJA

Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Upana ni mita 8.23 kwa mchezo wa watu wawili, na mita 10.97 kwa mchezo wa watu wanne. Wavu una urefu wa sentimeta 91 katikati, na mita 1.07 kwenye nguzo.

Anayeanza hahitaji hayo yote. Unaweza kuchora nusu ya uwanja kwa majivu juu ya ardhi ngumu iliyofagiwa, na kufunga kamba mahali pa wavu. Unaweza pia kuomba ruhusa ya kutumia ukuta wa shule usio na madirisha. Chora mstari wa sentimeta 91 kutoka chini, upige mpira juu ya mstari huo. Ukuta hauchoki wala haukucheki.

Mpira mpya ni wa kasi. Ipo mipira maalumu ya wanaoanza. Wenye alama ya kijani hupunguza kasi kwa robo, na wenye rangi ya machungwa hupunguza kwa nusu. Ukikosa, tumia mipira mikuukuu iliyopungua upepo. Kwa anayeanza mipira hiyo ni mizuri, kwa sababu inakupa muda wa kufika.

Jambo la lazima ni viatu. Vaa raba zenye soli nzima, zilizokaza kisigino. Usicheze na ndara wala viatu vya ngozi.

RATIBA YA WIKI NANE

Katika kijiji chetu mama mmoja fundi cherehani, mwenye miaka 43, alianza mchezo baada ya ajali ya mzee. Nilimpa ratiba hii naye akaifuata.

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kila siku simama kwenye ngazi, inuka kwa vidole vya miguu, kisha shuka polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia mpaka mara tatu. Zoezi hili huimarisha kano ya kisigino.

Wiki ya 3 na ya 4: Endelea kutembea. Ongeza kupiga mpira ukutani dakika 15, siku mbili kwa wiki.

Wiki ya 5 na ya 6: Cheza na mwenzako katika nusu ya uwanja, dakika 20 hadi 30, siku mbili kwa wiki. Msishindane. Hesabuni mipira mingapi mnarudishiana bila kukosea. Acheni angalau siku moja ya kupumzika katikati.

Wiki ya 7 na ya 8: Cheza mchezo wa watu wanne kwa dakika 45. Hapo uwanja mnagawana, na kila mmoja hukimbia kidogo.

Kila siku ya mchezo, anza kwa kupasha mwili moto dakika 10. Tembea, kisha kimbia polepole, zungusha mabega na vifundo vya miguu. Cheza asubuhi au jioni, na unywe maji kabla, katikati na baada ya mchezo.

JINSI YA KUHESABU

Mchezaji huanza na sifuri. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humpa ushindi wa gemu. Wote wakifika 40, mmoja lazima apate pointi mbili mfululizo ndipo ashinde. Anayetangulia kupata gemu sita, akimzidi mwenzake kwa gemu mbili, ameshinda seti. Kwa anayeanza, seti moja fupi inatosha.

DALILI ZA KUKUFANYA UACHE MARA MOJA

Acha kucheza ukiona mojawapo ya dalili hizi: kifua kinabana au kuuma, maumivu yanakwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpango, au pumzi kukata kuliko kawaida. Usiseme "nimalizie gemu hii." Kaa chini, waite wenzako wakupeleke kituo cha afya. Usiende peke yako.

Ukiteguka, pumzisha mguu, uinue juu ya mto, na uweke kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Usichue wala kukanda kwa maji moto siku mbili au tatu za kwanza.

Ukisikia kishindo nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa vidole, usikanyage. Mguu ufungwe gango, vidole vikielekea chini kidogo, ukapelekwe hospitali. Anayechelewa huweza kuchechemea maisha yake yote.

HABARI ZA MZEE WETU

Mzee alifungwa plasta hospitali ya mkoa. Baadaye alifundishwa kutembea tena, hatua kwa hatua. Alianza kumeza dawa ya shinikizo la damu kila siku, na mkewe alipunguza chumvi katika mboga. Mimi nilikwenda nyumbani kwake, nikamweleza mbele ya mkewe kwamba nilikosea kwa kutompima. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mguu ndio uliopiga kelele. Moyo ungekatika, nani angesikia?"

Baada ya miezi kumi alirudi zahanati. Nilimwuliza maswali yote matano, moja baada ya jingine, nikiandika. Akacheka, "Leo unanihoji kama polisi." Shinikizo lake lilikuwa 132/84. Aliweza kusimama kwa vidole vya mguu ule mara kumi na tano. Nikamwambia aanze wiki ya kwanza, kwa kutembea. Hakubisha.

Sasa anacheza Jumatano na Jumamosi jioni. Mwenzake wa upande mmoja ni yule mama fundi cherehani, na mara nyingi huwashinda walimu. Mipira ikitoka nje, mzee huiokota mwenyewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Umri si kizuizi cha kuanza. Haraka ndiyo kizuizi.
2. Pima shinikizo la damu kabla ya mchezo. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili.
3. Mtajie mganga dawa zote unazotumia.
4. Misuli hutangulia, kano hufuata nyuma. Isubiri kano.
5. Maumivu ya kifua si uchovu. Acha mchezo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni watu gani katika kijiji chenu wanaofanya kazi wakiwa wamekaa? Wanafanya mazoezi gani?
2. Mganga alifanya makosa gani siku ya kwanza? Mzee naye alifanya makosa gani?
3. Kwa nini si vizuri kumchua mtu aliyekatika kano?
4. Je, kijijini kwenu kuna ukuta au uwanja unaoweza kutumika kwa mchezo? Ni nani wa kuombwa ruhusa?
5. Kila mwanakikundi mwenye miaka 40 na zaidi aseme lini alipimwa shinikizo la damu kwa mara ya mwisho. Wale ambao hawajapimwa wapange siku ya kwenda zahanati pamoja.